Mama Springi Aliyejifunza Kukaa Chumbani kwa Sindano

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama kuna kitu jikoni punguza moto, vuta kiti, tuongee.

Leo tunamkumbuka Mama Springi, fundi sofa. Mama Springi alifariki wiki iliyopita. Alikuwa dukani anachagua vitambaa, akasema kifua kinambana, akakaa kwenye marobota, akaomba maji. Maji yalipofika, mwenyewe alishaondoka. Mama Springi, fundi sofa, ametutoka.

Najua mmezoea marehemu wote wakisemwa redioni wanakuwa malaika. Huyu hakuwa malaika. Huyu alikuwa mama mwenye mdomo wa pilipili, na nikimpamba hapa kwa asali binti yake atanipigia simu kabla ya tangazo la kwanza. Binti yake ndiye aliyeniambia hivi: "Sijawahi kuona mtu mwenye kinyaa kama mama. Ukitaka kumsema mama, anzia kwenye kinyaa."

Haya. Tunaanzia kwenye kinyaa.

Wewe uliyejimwaga kwenye sofa lako sasa hivi, hujui ndani yake kuna nini. Mama Springi alijua. Sofa kuukuu likichanwa kitambaa, vinamwagika vitu: kucha zilizokatwa, mifupa ya kuku, mende waliokauka, pipi zilizonyonywa zikaota manyoya. Siku moja yalitoka meno ya bandia, na mwenye sofa akakana kabisa kwamba ni ya kwao, huku anaongea kwa pengo. Mama alikuwa anafunga kitambaa puani, anavaa glovu mpaka kwenye viwiko, anashika kila kitu kwa koleo kama anashika nyoka. Alikuwa anasema watu wanakalia uchafu wao halafu wanapulizia marashi juu.

Na jina la Springi lilitoka hapo hapo kazini. Kila sofa likikamilika, mama alikuwa analiangukia kwa mwili wake wote, na mwili alikuwa nao. Springi ikilia tu, sofa linafumuliwa upya. Fundi anune asinune, linafumuliwa.

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu cha mabati. Cherehani dirishani, sponji zimepangwa mpaka kwenye paa, harufu ya gundi inayokulewesha bila kunywa. Vijana aliowaajiri ni wale ambao hakuna mtu aliyewataka. Walioacha shule, waliofukuzwa kwao, waliotoka jela. Aliwafundisha kazi, akawalisha, akawatukana. Wenyewe walimwita mama.

Sasa wasikilizaji wapendwa, pale karakana kulikuwa na mchezo. Sikilizeni vizuri huu mchezo, kwa sababu ndio uliotufikisha hapa. Ulikuwa unaitwa kufuatwa. Mtu asipotokea kazini na hajaaga, karakana nzima inasimama. Wanachukua mkokoteni wa kusambazia masofa, wanapandisha juu yake kiti kimoja chekundu ambacho mteja alikikataa, wanabeba makopo ya gundi matupu, wanaenda hadi nyumbani kwa mtoro wakigonga makopo. Wanamtoa kitandani alivyo. Wanamkalisha kwenye kiti juu ya mkokoteni kama mfalme, wanamsukuma mtaa mzima mpaka kazini. Watoto wanakimbia nyuma. Wanawake wanatoka milangoni. Mtoro anapunga mkono, anacheka, ulevi wa jana unamtoka kwa aibu, na mwezi mzima hachelewi tena.

Mchezo huo aliubuni nani? Mama Springi mwenyewe. Aliuona ni dawa. Na kwa walevi na wavivu ilikuwa dawa kweli. Kulikuwa na kijana wa kupaka gundi, anaitwa hivyo hivyo, Gundi. Huyo alishafuatwa mpaka akazoea, akawa anaulizia kwa nini kiti hakina mto.

Halafu kulikuwa na Sindano.

Sindano alikuwa mwembamba, mpole, na mikono yake ilikuwa haina mfano. Ule uzi mnene unaozunguka ukingo wa mto wa sofa, yeye aliushona ukanyooka kama umechorwa kwa rula. Mama alikuwa hamsifu mtu, lakini kazi ya Sindano alikuwa anaipapasa kimya kimya, anapita.

Kijana akaanza kubadilika. Si kwa siku moja. Kwanza akaacha kula na wenzake. Halafu akawa anashona ukingo mmoja, anaufumua, anaushona, anaufumua, mpaka kitambaa kinachanika. Ukimuuliza, anasema nimechoka tu. Wenzake wakamwambia ameachwa na mwanamke. Wakamwambia amelogwa. Wakacheka. Halafu akaacha kuoga.

Hapo ndipo mama alipoingilia, na aliingilia vibaya. Alisimama mbele ya cherehani ya Sindano, watu wote wanasikia, akamwambia nenda kaoge kijana, unanitia kinyaa. Sindano akainama, akasema sawa mama. Akachukua shati lake akaondoka. Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja.

Wakamfuata.

Mama yake Sindano, ambaye anauza nguo za mitumba, alisimama mlangoni akawazuia. Aliwaambia mtoto hajalewa, wala hana homa, ila hainuki, na yeye mwenyewe haelewi. Aliwaomba wamwache. Lakini makopo yalikuwa yanagongwa, nani amsikie? Gundi akampita mlangoni anacheza, simu kaiinua juu anarekodi.

Wasikilizaji wapendwa, mama Springi alikuwa ameona ndani ya masofa yote. Ndani ya chumba kile alirudi nyuma. Dirisha lilikuwa limezibwa na blanketi. Sahani chini zimeota ukungu wa kijani. Jasho la siku nyingi, mkojo kwenye chupa. Sindano alikuwa amelala ukutani, macho wazi. Vijana wakamnyanyua, na hakupinga. Hakutukana, hakucheka, hakushika mlango. Walimbeba kama wanavyobeba sponji iliyolowa.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama. Hawakusimama. Mama alishatoka nje kutafuta hewa, akatangulia mbele ya msafara kama kawaida yake.

Walifika katikati ya mtaa, mbele ya duka la simu, penye watu wengi. Mama alisikia kicheko kimebadilika. Kile cha mwanzo kilikuwa cha utani. Hiki kilikuwa kingine. Akageuka. Sindano alikuwa amekaa kwenye kile kiti, amejikojolea. Maji yanadondoka kwenye mkokoteni, yeye anatazama mbele kama hayupo. Na watu wanacheka. Watu wazima. Mwanamume mmoja amempandisha mtoto wake mabegani aone vizuri. Muuza simu kapanda juu ya kreti ili video itoke nzuri.

Mama Springi alimwambia binti yake baadaye kwamba alishawahi kutapika kwa panya aliyeoza ndani ya sofa, lakini kinyaa alichokipata siku ile hakijawahi kumtokea. Na hakikuwa cha mkojo. Kilikuwa cha meno. Meno ya watu wote wale, yako nje. Halafu akakumbuka kwamba mkokoteni ni wake, kiti ni chake, na mchezo ni wake.

Alivua aproni yake akamfunika kijana mapajani. Akamshika mkono akamrudisha kwao kwa miguu, huku watu wanawafuata. Lakini jioni video ilikuwa kila mahali. Wameiwekea muziki. Wameiwekea kicheko. Mpaka leo kuna watu wanayo, na nitarudi kwa hao.

Sasa mnadhani mama alijua la kufanya? Hakujua. Kesho yake alienda na sufuria la chakula na hotuba. Alimwambia Sindano ajikaze, yeye ni mwanamume. Alimwambia kuna watu hawana miguu na wanafanya kazi. Alimwambia amfikirie mama yake. Aliongea mpaka chakula kikapoa. Sindano akasema ahsante mama. Akageukia ukutani.

Alipoondoka, Sindano alimwambia mama yake mzazi kwamba kila mtu anamwonyesha alivyo mzigo, na kwamba angependa alale asiamke.

Yule mama wa mitumba alikimbia mpaka karakana, viatu mkononi. Hakulia. Alimwambia mama Springi hivi: "Dada, ulikuja kumchukua kwa makopo. Sasa njoo unisaidie kumbakiza."

Walimpeleka kliniki ya afya ya akili wao wawili, mmoja kila upande. Huko walimkuta nesi, binti mdogo tu, umri wa bintiye mama Springi. Nesi akaongea na Sindano peke yake, akampeleka kwa daktari, halafu akawaita akina mama. Mama Springi alikuwa hapendi kufundishwa na watoto. Siku ile alifundishwa. Nesi alimuuliza maneno gani amekuwa akimwambia kijana. Mama akayarudia yote, ya kujikaza, ya wasio na miguu. Nesi akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia taratibu kwamba hayo maneno aache kabisa. Akamwambia huu ni ugonjwa, una dawa na una muda wake. Akamwambia vitu vya hatari viondolewe nyumbani, na kijana asiachwe peke yake kwa sasa. Halafu akamwambia kitu ambacho mama alikikataa kabisa. Alimwambia amuulize kijana waziwazi kama anafikiria kufa.

Mama akasema si ndiyo nitakuwa namtia wazo? Nesi akasema hapana, wazo analo tayari, analo peke yake, hiyo ndiyo shida.

Wasikilizaji wapendwa, rudieni hapo. Analo tayari, analo peke yake.

Basi mama akaenda. Zamu yake ilikuwa mchana. Chumba kilikuwa kimefagiliwa kidogo lakini harufu bado ilikuwepo, kwa sababu Sindano alikuwa hajaweza kuoga. Watu wanadhani kuoga ni kitu kidogo. Kwa mgonjwa yule ilikuwa kama kupanda mlima. Mama hakufunga kitambaa puani. Alikaa chini kwenye godoro, godoro ambalo kama lingekuwa la mteja angelishika kwa koleo. Akakaa. Hakuongea. Yeye, ambaye alikuwa hawezi kunyamaza hata kwenye foleni ya benki.

Halafu akauliza: "Sindano. Unafikiria kufa?"

Kijana akageuka kutoka ukutani, akamtazama. Halafu akajibu.

"Ndiyo, mama."

"Na leo?"

"Leo sijui. Jana ndiyo."

Mama alitaka kupiga kelele. Alitaka kumtikisa, kumwombea, kumtukana, vyote kwa pamoja. Alishika godoro kwa mikono miwili akajizuia.

"Inakuwaje?" akamuuliza.

Na Sindano akamwambia. Alimwambia ni kama mwili wake umejazwa mchanga mahali pa damu. Alimwambia alikuwa anafumua ule ukingo kwa sababu kila akiutazama aliuona umepinda, na ukipinda yeye ndiye mbovu. Alimwambia siku ya kiti alisikia kila kitu. Kila kicheko. Alijua ni cha nani.

Mama hakusema pole, usijali, yatapita. Alisema, "Mchezo ule niliubuni mimi. Nilikukosea." Kisha akaendelea kukaa.

Hivyo ndivyo alivyoanza kujifunza. Na msidhani ilikuwa kama hadithi, mtu anakaa kwenye godoro mara moja kijana anaruka mzima. Dawa ya kwanza ilimpa kichefuchefu, ikabadilishwa. Kuna wiki aliinuka, akala, akatania. Kuna wiki alirudi ukutani. Mama wa mitumba na mama Springi walipokezana kama walinzi. Karakana ilichelewesha kazi za watu, wateja wakafoka, mama akawafokea zaidi.

Mchezo wa kufuatwa ulikufa siku ile. Kiti chekundu mama alikivunja mwenyewe kwa nyundo. Toka hapo mtu asipotokea, anaenda mtu mmoja, mikono mitupu. Anagonga. Akiambiwa ondoka, anakaa nje ya mlango. Wa kwanza kutumwa hivyo alikuwa Gundi. Alirudi ananung'unika kwamba kakaa nje mpaka makalio yamekufa ganzi na hakuambiwa chochote. Mama akamwambia vizuri sana, kesho nenda na mto.

Huyo Gundi aliifuta video kwenye simu yake, akidhani yamekwisha. Mama akamtuma azunguke mtaa mzima, simu kwa simu, awaombe watu wafute. Wengine walifuta. Wengine walimcheka usoni. Mmoja alimwambia atafuta akinunuliwa bando. Gundi alirudi karakana akiwa hana utani. Alisema hakujua kama watu wako hivyo. Mama akamwambia hata sisi tuko hivyo, sasa gonga msumari.

Na mama aliteleza tena, hilo nalo lisemwe. Sindano alipoanza kurudi kazini nusu siku, mteja mmoja alisifia mshono wake. Mama kwa furaha akasema kwa sauti, huyu bwana nilimtoa kwenye wazimu mimi. Sindano akaweka mkasi chini. Akavaa shati. Akaenda nyumbani. Mama alimfuata peke yake, akagonga, akaambiwa ondoka, akakaa nje ya mlango kwenye vumbi na gauni lake la kanisani. Aliomba msamaha kupitia tundu la kitasa. Mama wa mitumba anasema hapo ndipo alipomwona Sindano akitabasamu, kwa sababu mama alikuwa anaongea na kitasa kama anaongea na mteja mbishi.

Wiki iliyopita, mama akafa.

Tuseme ukweli kuhusu msiba ule, wasikilizaji wapendwa. Turubai lilijaa. Viti vya plastiki vilijaa. Wale wale wa mbele ya duka la simu walijaa, wamevaa nyeusi. Kila aliyeshika kipaza sauti alimwita marehemu mama wa vijana. Yule aliyempandisha mtoto mabegani alilia mpaka akashikiliwa. Muuza simu alitoa neno kuhusu upendo. Na huku nyuma, kwenye viti vya mwisho, kuna wawili walikuwa na simu moja wanaitazama kwa kujificha, halafu wanamtazama Sindano, wanagongana viwiko. Ndiye huyu, wa kwenye kiti. Msibani. Maiti iko pale mbele.

Halafu mshereheshaji, maana siku hizi hata misiba ina washereheshaji, akatangaza kwamba kuna kijana aliyeokolewa na marehemu, asimame atupe ushuhuda. Akampigia makofi. Watu wakapiga makofi. Wakageuka wote, shingo zimenyooka, kama wanasubiri mkokoteni upite.

Binti wa marehemu alitaka kumnyang'anya yule bwana kipaza sauti. Hakuwahi. Sindano alikuwa ameshasimama. Mtu aliyekuwa anakaa naye kwenye godoro ndiye huyo kwenye jeneza, na hofu ya mama yake mzazi ilikuwa hiyo hiyo: sasa atabaki na nani?

Sindano hakutoa ushuhuda. Alisema hivi, na sauti ilisikika mpaka barabarani:

"Leo sina hali nzuri. Mawazo yale yamerudi. Naomba mtu mmoja anisindikize nyumbani, akae na mimi."

Basi.

Turubai lote likawa kimya. Hao hao wenye neno la upendo walikuwa wanaangalia viatu vyao. Mshereheshaji alikohoa. Yule aliyelia akashikiliwa, machozi yalikauka hapo hapo. Watu wote wale, na mtu mmoja tu ameombwa, na hakuna aliyesogea. Kile kimya, wasikilizaji wapendwa, kilinuka.

Kisha kiti kikaburuzwa. Gundi aliinuka kutoka katikati, akapita juu ya miguu ya watu bila kuomba radhi. Alifika kwa Sindano akamwambia, "Twende. Mimi sijui la kusema, nakuambia mapema."

Sindano akamwambia, "Hata mama alikuwa hajui."

Wakaondoka. Mazishi ya mama Springi, fundi sofa, yaliendelea bila wao wawili, na naamini mwenyewe asingetaka vingine. Asubuhi yake Gundi na mama wa mitumba walimpeleka kliniki, kwa yule yule nesi. Toka siku hiyo wanapokezana. Na binti wa marehemu ameingia zamu.

Sindano nilimwomba ruhusa kabla ya kusema haya hewani. Alikubali. Alinipa sharti: nisimalize kwa kusema amepona. Kwa hiyo sisemi. Nasema yupo na watu.

Kwa binti wa mama Springi, kwa mume wa marehemu, kwa vijana wa karakana na kwa mama wa mitumba, kipindi hiki kinawapa pole. Tumepoteza fundi. Mungu ampumzishe.

Na ninyi wengine mjiulize. Huyo kijana kwenu mnayemwita mvivu, mchafu, aliyelogwa, mmeshamuuliza? Kwa upole, waziwazi, mkakaa mkasubiri jibu? Kama jibu linatisha, msibaki nalo wenyewe, mpelekeni kwa wahudumu wa afya siku hiyo hiyo, na mwende naye.

Na wewe unayenisikiliza huku ile video bado iko kwenye simu yako, unajijua. Ifute. Nanyamaza hapa kidogo, upate muda wa kuitafuta.